Nyaya na udhibiti wa kidijitali kwa reli ndogo ya bustani: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kichwa cha treni kikikwamakwama kwenye kona ya mbali ya bustani, wengi hukimbilia kulaumu dikoda au rimoti. Ukipima, mara nyingi unakuta kiungio cha reli kilichoshika kutu ya kijani, au waya mwembamba uliovutwa mita nyingi kuliko uwezo wake. Mfumo wa kidijitali hautibu waya mbovu. Tena unaumbua ubovu huo haraka, kwa sababu dikoda ni kompyuta ndogo inayokaa ndani ya kichwa, na umeme ukiyumba inaweza kuzima na kuwaka upya katikati ya safari. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye reli na skrubu, na rimoti inakuja baadaye sana. Ukifuata mpangilio huo, upande wa kidijitali utakuwa kazi ya jioni moja.

Unajenga kitu gani hasa

Treni nyingi za bustani hutembea kwenye reli zenye upana wa milimita 45 kutoka reli moja hadi nyingine. Kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ndiyo iliyoueneza upana huu kwa treni za nje ilipoleta treni zake za LGB mwaka 1968, kwa kipimo cha 1:22.5, yaani reli za milimita 45 zinawakilisha reli halisi za mita moja. Leo upana huohuo hubeba treni za vipimo vingine pia, kama 1:20.3, 1:29 na 1:32. Kwa habari ya umeme hilo halibadilishi kitu. Kinachobadilika ni ukubwa wa mota, na kwa hiyo ampea zinazoliwa.

Katika mfumo wa zamani, kiasi cha volti kinachopelekwa relini ndicho kinachoamua mwendo, na kugeuza chanya na hasi ndiko kunakogeuza mwelekeo. Vichwa viwili vikiwa kwenye njia moja, vyote vinatii kwa pamoja. Katika DCC (Digital Command Control), mfumo wa kidijitali tutakaoutumia, reli zina volti kamili muda wote, kwa treni za bustani takribani volti 18 hadi 22, na umeme huo hugeuzwa chanya kwa hasi maelfu ya mara kwa sekunde. Ujumbe umo katika muda wa mgeuko: nusu ya biti ya "1" hudumu mikrosekunde 58, na nusu ya biti ya "0" hudumu kama 100 au zaidi. Dikoda iliyo ndani ya kichwa husoma mipigo hiyo, huangalia kama anwani iliyotajwa ni yake, kisha huamua iipe mota umeme kiasi gani na kwa upande upi. Msingi wake ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, kiliufanya kuwa kiwango cha wazi. Kwa sababu hiyo dikoda ya kiwanda kimoja huelewana na kituo cha amri, yaani kifaa kinachotuma amri relini, cha kiwanda kingine. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kumshauri anayeanza achukue DCC badala ya mfumo uliofungwa wa kampuni moja.

Kuna njia ya tatu nayo inastahili kutajwa kwa haki: betri ndani ya kichwa au behewa, na redio ya kukiongoza. Ikiwa reli zako ni za alumini, au njia ni ndefu sana na inapita chini ya miti inayodondosha utomvu na majani kila siku, chagua betri na usome sehemu ya dikoda peke yake. Alumini hujifunika tabaka la oksidi lisilopitisha umeme, na kuilehemu ni tabu. Kwa njia ya kawaida ya reli za brasi, ile shaba ya njano, umeme wa relini unafaa kabisa.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kukata waya

Chukua karatasi uchore njia nzima, na reli mbili zichorwe kama mistari miwili yenye rangi tofauti. Mimi hutumia nyekundu na nyeusi. Fuata kila mstari kwa kidole mzunguko mzima. Nyekundu ikikutana na nyeusi mahali popote, una kitanzi cha kurudia, yaani njia inayozunguka na kuirudisha treni ilikotoka, au pembetatu ya kugeuzia treni, na hapo patapiga shoti siku ya kwanza. Weka alama. Tutarudi hapo mbele.

Weka pia alama mahali kituo cha amri kitakapokaa. Pawe ndani ya nyumba, banda au sanduku kavu lenye kivuli na hewa. Umeme wa ukutani usitoke kwenda bustanini kamwe. Kinachotoka nje ni volti ndogo za treni tu. Soketi utakayotumia ilindwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Katika mradi huu hilo ndilo jambo la hatari zaidi kwa mtu, kwa hiyo kama soketi yenye ulinzi haipo, mwite fundi umeme aiweke kabla hujaendelea.

Hatua ya 2: Viungio vya reli

Brasi hupitisha umeme takribani robo tu ya vile shaba nyekundu inavyopitisha, lakini reli ni nene, kwa hiyo reli yenyewe haina shida. Shida iko pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Viungio vya kuchomeka vinavyokuja na reli vimebana vizuri vikiwa vipya. Jua likivitanua na baridi ikavirudisha kwa miezi kadhaa, vumbi na maji huingia katikati na kiungio kinageuka kuwa kizuizi.

Una njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza, ni vibano vya skrubu vinavyokaza reli mbili kwa pamoja. Safisha ncha za reli kwa msasa laini hadi zing'ae, paka grisi ya kupitisha umeme kidogo sana, kaza, kisha rudia kukaza baada ya wiki mbili tatu. Ya pili ni kulehemu kipande kifupi cha waya laini kama daraja juu ya kila kiungio, upande wa nje wa reli usiogusana na magurudumu. Ni rahisi kwa bei lakini inataka pasi ya kulehemu yenye nguvu, wati 100 au zaidi, maana reli nene hunyonya joto haraka na pasi ndogo itayeyusha mataruma ya plastiki kabla risasi haijashika. Acha waya huo uwe na ulegevu kidogo ili reli ziweze kutanuka. Ya tatu ni kuviacha viungio vya kuchomeka kama vilivyo, ukivipaka grisi hiyo na kulisha umeme mahali pengi. Inafaa kwa njia ya majaribio unayoitandika na kuiondoa.

Hatua ya 3: Pima kwa betri na balbu

Hatua hii wengi huiruka, nami nitaikalia kwa sababu ndiyo inayookoa mradi. Kabla ya kuunganisha kifaa chochote cha elektroniki, tafuta betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 5 na balbu ya gari ya volti 12 yenye wati 21, ile ya breki au indiketa. Funga fyuzi karibu kabisa na betri. Peleka umeme kwenye mwanzo wa njia, reli moja chanya na nyingine hasi, kisha nenda mwisho wa njia ufunge balbu kati ya reli mbili. Ikiwa njia ni duara, fungua kiungio kimoja ili umeme upite upande mmoja tu. Duara likiwa limefungwa, mkondo hugawanyika pande mbili na vipimo vitakudanganya.

Balbu hiyo hula takribani ampea 1.75 ikiwa na volti 12 kamili, karibu sawa na kichwa kinachovuta mabehewa. Sasa weka malitimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye milivolti za mkondo mnyoofu. Gusa ncha moja upande huu wa kiungio na ncha nyingine upande ule, kwenye reli ileile. Unachosoma ni volti zinazopotea katika kiungio hicho. Chini ya milivolti 10, kiungio ni kizima. Kati ya 10 na 50, kiangalie tena. Ukisoma 200 au 300, umemkamata mwizi: fungua, safisha, kaza, pima tena. Usiamini macho. Kiungio kinaweza kung'aa kwa nje huku ndani kukiwa na utando wa uchafu usiozidi unene wa karatasi, na kingine kilichopauka kikasoma milivolti 4.

Pima viungio vyote, reli zote mbili. Kwa njia ya mita 30 ni kazi ya nusu saa hivi, na ukimaliza utaijua njia yako kuliko mtu yeyote. Andika vipimo kwenye ule mchoro. Mwakani ukipima tena, utaona mara moja kilichozorota.

Hatua ya 4: Waya mkuu na matawi

Usitegemee reli peke yake kubeba umeme hadi mwisho wa bustani. Vuta jozi ya nyaya kuu kutoka kituo cha amri ikifuatana na njia, kisha toa matawi mafupi kwenda relini kila baada ya mita 5 au 6. Reli za kulia zote kwa rangi moja, za kushoto kwa nyingine, kama ulivyochora. Katika DCC hakuna chanya wala hasi ya kudumu, lakini ukichanganya rangi hata tawi moja, unapiga shoti mfumo mzima.

Unene wa waya uamuliwe kwa hesabu. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa takribani ohmu 0.0074 kwa mita. Ukiuvuta mita 20, umeme unakwenda mita 20 na kurudi 20, jumla 40, sawa na ohmu 0.3. Kwa ampea 5 unapoteza volti 1.5. Kati ya volti 20 hiyo inavumilika. Waya wa 1.5 katika umbali huohuo hupoteza kama volti 2.4, na wa 4 hupoteza chini kidogo ya volti 1. Kwa bustani ndogo ya anayeanza, 2.5 inatosha. Ukizidi mita 25 kwenda, panda hadi 4. Matawi yanaweza kuwa ya 1.5 kwa kuwa ni mafupi na kila moja hubeba sehemu tu ya mzigo.

Chagua waya wa nyuzi nyingi badala ya waya mgumu wa nyuzi moja. Ikiwa unaupata ule uliopakwa bati kila uzi, kama wa mashua, uchukue, kwa sababu hauliwi na unyevu upesi. Sokota jozi ya nyaya kuu, kama mizunguko mitatu kwa kila sentimita 30. Msokoto hupunguza vurugu za mawimbi zinazoweza kuchafua ishara kwenye waya mrefu. Kwa umbali unaozidi mita 30 hivi, watu huongeza mwishoni mwa jozi rezista ya ohmu 100 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1, vikiunganisha waya mmoja na mwingine. Rezista hiyo iwe ya wati 3, maana hupata joto.

Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki pembeni mwa njia. Ukizifukia bila bomba, jembe litazikuta. Bomba lisizibwe kabisa sehemu za chini, maji yatakayojikusanya yapate pa kutokea. Kwenye maungio ya matawi, konekta tupu za skrubu hazidumu nje. Lehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, au weka maungio ndani ya kisanduku kisichopitisha maji na ukigeuze mdomo chini. Tawi likifika relini, lifunge kwa skrubu ya kibano kupitia kijicho cha waya kilichobanwa na kulehemiwa.

Ukimaliza, rudisha betri na balbu. Safari hii betri ikae pale kituo cha amri kitakapokuwa, na balbu uihamishe sehemu mbalimbali za njia huku ukisoma volti kwenye balbu. Tofauti kati ya karibu na mbali ikiwa chini ya nusu volti, kazi ni nzuri.

Hatua ya 5: Kituo cha amri na jaribio la sarafu

Kituo cha amri ndicho hutunga ujumbe, na busta ndiyo huupa nguvu za kwenda relini. Katika vifaa vingi vya kuanzia vyote viwili vimo ndani ya kasha moja. Kwa treni za bustani tafuta kinachotoa ampea 5 au zaidi. Vile vya ampea 2 au 3 vimetengenezwa kwa treni ndogo za mezani. Kwa kukisia, kichwa cha wastani chenye mzigo hula ampea 1 hadi 2, na vyenye mota mbili hula zaidi. Balbu za zamani kwenye mabehewa na vifaa vya moshi navyo vinakula. Ampea 5 zinakutosha kwa treni mbili.

Usivutwe na ampea 10 au 20 kwa kuwa tu zinauzwa. Nguvu zote hizo zitapita kwenye gurudumu siku treni itakapoanguka na kupiga shoti, na zinaweza kuyeyusha plastiki. Ukizihitaji baadaye, gawa njia katika maeneo, kila moja na kinga yake ya ampea 5.

Wanaopenda kujijengea wanaweza kutumia DCC-EX, programu huria inayoendeshwa kwenye Arduino, bodi ndogo ya elektroniki, na simu ikawa rimoti. Angalia tu bodi ya kuendeshea mota: ile ya kawaida yenye chipu ya L298 ni ya ampea 2 kwa kila tundu la kutokea umeme, haifai kwa treni za bustani.

Unganisha nyaya kuu kwenye tundu la njia kuu, washa, na kabla ya kuweka treni fanya jaribio la sarafu. Laza sarafu juu ya reli mbili, au kipande cha chuma kama haifiki, kwenye sehemu ya mbali kabisa. Kituo kinapaswa kukata umeme papo hapo. Fanya hivyo kila baada ya mita chache.

Sababu ya jaribio hili ni hesabu fupi. Tuseme kuna ukinzani wa ohmu 4 kwenye njia, sehemu ya mbali. Shoti itakapotokea pale, volti 20 zitasukuma ampea 5 tu, na kituo kitaona ni treni inayofanya kazi. Hakitakata. Wati 100 zitaendelea kuchemka ndani ya kiungio au kwenye gurudumu hadi kitu kiungue. Lakini ukinzani ukiwa nusu ohmu, shoti itadai ampea 40 na kituo kitakata kabla hujapepesa. Sarafu isipokata umeme mahali fulani, zima, rudi hatua ya 3. Usiendelee.

Hatua ya 6: Dikoda ndani ya kichwa

Kichwa kipya kinachokuja na dikoda ndicho mwanzo bora. Cha zamani nacho kinaweza kuwekewa, ila usikiweke relini kwenye DCC kabla hakijapata dikoda: umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde hupasha mota moto hata ikiwa imesimama.

Pima kwanza mota inakula nini. Funga malitimita ikiwa kwenye ampea 10 kwenye waya mmoja wa umeme, kipe kichwa volti za mwendo wake wa kawaida, kisha shika magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja tu na usome. Dikoda iwe na ampea kuzidi hiyo namba. Kwa vichwa vingi vya bustani, dikoda za ampea 3 kwenda juu ndizo zinazofaa.

Kwenye dikoda zinazofuata rangi za NMRA, nyekundu hutoka reli ya kulia na nyeusi reli ya kushoto. Rangi ya chungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, ya manjano ni taa ya nyuma, na bluu ni chanya ya pamoja ya taa zote. Kosa linaloua dikoda ni moja: mota kubaki imeshikana na mabati ya kuchukulia umeme relini. Fungua kichwa, ng'oa kila muungano kati ya magurudumu na mota, kisha weka malitimita kwenye ohmu na upime kutoka kila gurudumu hadi kila ncha ya mota. Isome hakuna mawasiliano. Ikilia hata mara moja, tafuta kipande cha bati kilichojificha. Ndipo ulehemu.

Kama kichwa ni kifupi na kina magurudumu manne tu, ongeza kapasita za akiba zilizotengenezwa kwa dikoda hiyo. Huhifadhi umeme wa kutosha kukivusha sehemu chafu bila kukatika mwendo wala sauti.

Hatua ya 7: Anwani na vigezo

Usifanye majaribio ya kwanza kwenye njia kuu. Chukua kipande cha reli cha mita moja, kiweke mezani, kisiguse njia kuu popote, ukiunganishe na tundu la kuprogramu la kituo. Tundu hilo hutoa mkondo mdogo uliowekewa kikomo, kwa hiyo kama kuna waya uliokosewa, dikoda ina nafasi ya kupona. Agiza kituo kisome kigezo namba 1, yaani CV1. Dikoda mpya kwa kawaida itajibu 3, anwani ya kiwandani. Ikijibu, basi waya wa reli na wa mota viko sawa, maana dikoda hujibu kwa kuishtua mota kidogo. Isipojibu, usiipeleke njia kuu "kuona itakuwaje".

Badilisha anwani mara moja, la sivyo siku utakaponunua kichwa cha pili vyote viwili vitaitika kwa 3. Anwani fupi huishia 127 na huandikwa CV1. Ndefu hutumia CV17 na CV18, lakini vituo vingi hukokotoa vyenyewe ukiandika tu namba iliyochorwa ubavuni mwa kichwa.

Vigezo vinavyobadilisha ladha ya kuendesha ni vichache. CV2 ni volti za kuanzia: ipandishe kidogokidogo hadi kichwa kianze kutambaa kwenye hatua ya kwanza ya mwendo. CV3 huamua kinavyokusanya kasi, CV4 kinavyopunguza. Kwa treni nzito ya bustani zipe zote mbili thamani ya wastani, na mwendo utakuwa na uzito. CV5 huweka ukomo wa kasi, na ningeiweka chini kuliko ilivyotoka kiwandani, hasa watoto wakishika rimoti.

CV29 ndiyo inayowachanganya watu, ingawa ni kujumlisha tu. Mwelekeo kugeuzwa ni 1, hatua 28 au 128 za mwendo ni 2, ruhusa ya kutembea kwenye umeme wa zamani ni 4, anwani ndefu ni 32. Dikoda nyingi huja na 6, yaani 2 na 4. Kwa njia ya nje ningeondoa ile 4: andika 2 kwa anwani fupi au 34 kwa ndefu. Ruhusa hiyo ikiwepo, hitilafu kwenye ishara inaweza kuifanya dikoda idhani iko kwenye umeme wa zamani na kichwa kikakimbia kwa kasi yote. Ukivuruga vigezo hadi usijue ulipo, dikoda nyingi hurudi kama mpya ukiandika 8 kwenye CV8. Soma karatasi yake kwanza, maana si zote.

Weka daftari la kila kichwa na namba zake.

Vitanzi na vigeuza-njia

Ile sehemu ya mchoro ambapo nyekundu ilikutana na nyeusi inahitaji kutengwa. Kata reli zote mbili kwa viungio vya plastiki mwanzo na mwisho wa kitanzi, na sehemu iliyotengwa iwe ndefu kuliko treni yako ndefu kabisa yenye magurudumu ya chuma. Ilishe umeme kupitia kifaa cha kugeuza chenyewe. Treni ikivuka mpaka na polariti, yaani mpangilio wa chanya na hasi, zikapingana, kifaa huhisi shoti na kugeuza polariti ya kitanzi kwa haraka kiasi kwamba treni haitikisiki. Usisahau kukata pande zote mbili. Reli moja tu ikibaki imeungana, kifaa kitageuza na kugeuza bila kupata pa kutulia.

Vigeuza-njia, zile sehemu ambapo ulimi wa reli huhamisha treni kwenda njia nyingine, viache vya mkono kwa msimu wa kwanza. Vinafanya kazi daima, na kutembea bustanini kuvigeuza ni sehemu ya raha. Ukija kuviwekea mota, dikoda zake zilishe kwa umeme wake wenyewe, mbali na ule wa relini. Treni ikiingia kwenye kigeuza-njia kilichoelekezwa vibaya na kupiga shoti, umeme wa relini hukatika. Kama dikoda ya kigeuza-njia inategemea umeme huohuo, hutaweza kukirekebisha kwa rimoti.

Treni ikigoma

Anza na kilicho rahisi. Futa reli kwa sifongo yenye ukali kidogo iliyofungwa kwenye mpini, kisha futa magurudumu. Uchafu wa magurudumu husahaulika, nao husambaa njia nzima. Ikiwa vichwa vyote vinayumba mahali pamoja, ni kiungio au tawi: toa mchoro wenye vipimo, tenga kituo cha amri kwa kuchomoa nyaya kuu, rudisha betri na balbu, pima. Ikiwa kichwa kimoja tu kinayumba kila mahali, ni magurudumu yake, mabati ya kuchukulia umeme, au waya uliolegea ndani. Ikiwa kituo kinakata umeme ovyo bila treni relini, tafuta msumari au kipande cha waya kilicholala relini. Kisipopatikana, chomoa matawi moja baada ya jingine hadi kituo kitulie. Tawi la mwisho uliloling'oa ndilo lenye ugonjwa, au kipande cha njia kinacholishwa nalo. Ndipo, baada ya yote hayo kuwa sawa, uanze kuishuku dikoda.